Akili Bandia na Daftari la Mama



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana sokoni kwa uaminifu wake kabla hajapewa utume. Amma baad.

Wasomaji wapenzi, akina mama na akina baba, juma hili napenda tuzungumze jambo lililonikuta nikiwa safarini Nairobi. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyezaliwa Mji wa Kale hapa Mombasa akaolewa na Mnubi wa Kibera. Nyumba yao iko Olympic. Wasomaji wa pwani wasioujua mtaa ule wafahamu kwamba Uislamu si mgeni huko. Jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazee wa Kinubi, waliokuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la King's African Rifles, walikalishwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu wao wakangoja hadi mwaka 2017 ndipo wakakabidhiwa hati ya ekari 288 za ardhi ile. Katika nyumba za mtaa huo biashara ndogo ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi ya nyumba, na mwezi wa Ramadhani ndiyo futari.

Mpwa wangu huuza mahamri, viazi karai na chai kando ya barabara, karibu na pale wanapopanda watu magari alfajiri. Mwaka huu ametimiza miaka kumi na mmoja katika kazi hiyo. Binti yake yuko kidato cha tatu katika shule ya upili iliyo karibu, na miongoni mwa masomo yake ni Somo la Biashara. Mwalimu wao amewagawa kwa vikundi, na kila kikundi kimetakiwa kuandika mpango wa biashara kwa msaada wa akili bandia.

Kwa asiyeijua, akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili unde, ni programu iliyolishwa maandishi mengi mno kutoka pembe zote za dunia, mengi yakiwa ya Kiingereza. Ukiiuliza jambo, hupanga maneno kwa kukadiria neno gani lafaa kufuata neno gani, nayo hukupa jibu lililonyooka kama la mtu msomi. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, programu za aina hiyo zimeingia katika simu za watoto wetu kabla sisi wazazi hatujajua jina lake. Serikali ya Kenya nayo ilizindua mwezi wa Machi 2025 mkakati wa kitaifa wa akili bandia wa hadi mwaka 2030. Na watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, unaotaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, waliingia sekondari pevu mwezi wa Januari 2026. Jambo hili basi limekwisha kufika mlangoni kwetu.

Baada ya swala ya Isha yule binti akaniletea karatasi zake. "Babu, tazama," akaniambia kwa furaha. "Imeandika kurasa saba kwa dakika mbili."

Nikazisoma. Zilikuwa kurasa nzuri, za Kiingereza kilichosafika. Mpango ulikuwa wa kuuza juisi ya matunda pale Olympic. Jokofu shilingi 35,000, mashine ya kusagia matunda 5,000, matunda na vyombo 10,000. Jumla shilingi 50,000. Glasi 60 kila siku kwa shilingi 100, mapato shilingi 6,000 kwa siku. Fedha za kuanzia zingepatikana hivi: 30,000 kutoka kwa familia, na 20,000 kwa mkopo wenye riba.

Nikamwuliza mama yake ana maoni gani. Akainamisha kichwa. "Mjomba, Kiingereza changu mimi ni cha sokoni. Sielewi yote yaliyomo, lakini naona yameandikwa na wenye elimu. Zamu yangu ya mchezo ni mwezi ujao, nitapokea elfu thelathini. Nimefikiri nimpe waanze, hata baada ya shule kufunga waendelee."

Wasomaji wangu, maneno hayo yalinishughulisha usiku ule kuliko mashine yenyewe. Mwanamke aliyelea watoto watatu kwa karai ya mafuta, asiyepata kushindwa kulipa mchezo hata mwezi mmoja, alikuwa tayari kutoa rasilimali yake yote mbele ya karatasi asiyoweza kuisoma, kwa kuwa aliiona karatasi ina elimu na yeye hana. Nikamwambia: "Kabla hujatoa hata senti, iulize karatasi hii kama umwulizavyo mwenye duka anayekuletea unga."

Kwanza aliona haya. Kisha akauliza. Ni nani hapa Olympic atakayenunua glasi ya juisi kwa shilingi mia, na chai ya shilingi ishirini watu huomba wapunguziwe? Maji ya kuoshea matunda na glasi yamehesabiwa wapi, na sisi huyanunua kwa mtungi? Umeme ukikatika siku mbili, maembe yatakaa wapi? Mwezi wa Aprili mvua ikinyesha kutwa, nani atakunywa kitu baridi? Na huo mkopo, siku ambayo hatukuuza, riba nayo italala?

Binti akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno la ukweli: "Hayo sikuiambia."

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mazungumzo yetu. Mashine haikukusudia kudanganya. Iliombwa mpango wa biashara ya juisi, ikatunga mpango kama ilivyoona mipango mingine ikitungwa. Haikupata kusimama Olympic saa kumi na moja alfajiri. Mtoto naye hakuitaka ijue, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba ujuzi wa mama yake ni elimu inayopasa kuandikwa.

Lakini tusiharakishe kuitupa mashine, maana kisa hakikuishia hapo. Nilimwambia binti alete daftari tupu, mama ataje hesabu zake za siku moja, yeye aziandike, kisha aiulize mashine azipange vipi. Mama akasema: mauzo shilingi 2,000, unga, mafuta, sukari, viazi, maziwa na majani ya chai shilingi 1,450. "Nabakiwa na mia tano na hamsini," akasema kwa yakini. Mashine ikamwuliza binti: na kuni au makaa je? Maji je? Mama akatafakari: makaa shilingi 200, maji shilingi 60. Fedha hizo alikuwa akizitoa mfukoni bila kuziandika. Faida yake ya kweli ilikuwa shilingi 290. Walipotenganisha kila bidhaa, ikadhihirika kwamba viazi ndivyo vilivyokuwa vikiibeba biashara, na mahamri yalikuwa hayaleti faida ya kutajika. Na walipoorodhesha wateja waliokula kwa deni, jumla ikafika shilingi 4,300. Mama alishika kifua.

Basi mashine ile ile iliyokuwa karibu kumpoteza ilimfaa. Tofauti ilikuwa moja tu: mara ya kwanza iliulizwa bila kupewa ukweli, na mara ya pili ilipewa ukweli wa mwenye soko na ikapimwa na mwenye soko.

Wala hili si la nyumba moja tu. Wataalamu wa vyuo vikuu vya ng'ambo waliwahi kufanya uchunguzi hapa Kenya kwa wafanyabiashara wadogo mia kadhaa. Baadhi yao walipewa mshauri wa akili bandia kupitia WhatsApp, wamwulize lolote kuhusu biashara zao kwa muda wa miezi kadhaa. Matokeo yalipohesabiwa kwa jumla, hapakuonekana faida wala hasara. Lakini walipowatenganisha watu, waliona jambo la kuzingatiwa. Wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vyema tangu mwanzo walipanda kwa kiasi cha asilimia 15 au zaidi. Wale waliokuwa wakihangaika walishuka, kwa kiasi kinachokaribia asilimia 10. Mshauri alikuwa mmoja kwa wote. Wachunguzi waliona kwamba wanaohangaika walikuwa wakiuliza mambo mazito zaidi, ambayo ushauri wa jumla hauyatoshi.

Tafakarini hilo, enyi wazazi. Ikiwa watu wazima wenye biashara zao wametofautiana hivyo, itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi na sita ambaye hajapata kuuza hata andazi moja? Mwenye msingi hujengewa ghorofa, na asiye na msingi huangukiwa na nyumba. Kwa hiyo nasema: akili bandia na iingie darasani, lakini isitangulie mambo mawili, nayo ni kujua soko kwa macho na kujua hesabu kwa mkono.

Turejee kwa mwalimu wetu mkuu. Katika hadithi aliyoisimulia Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, alikuja mtu wa Ansari kumwomba Mtume (s.a.w.). Mtume hakumpa fedha, wala hakumhutubia habari za utajiri. Alimwuliza nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna nguo nzito, nusu hujifunika na nusu huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavitaka viletwe, akavinadi mbele ya watu; mmoja akatoa dirhamu moja, na ilipotakwa zaidi, mwingine akatoa mbili. Mtume akampa yule Ansari dirhamu mbili zile: kwa moja awanunulie watu wake chakula, kwa nyingine anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi amechuma dirhamu kumi, amenunua nguo na chakula.

Somo zima la ujasiriamali limo humo. Swali la kwanza lilihusu kilichopo nyumbani, mkopo haukutajwa. Mali ikatafutiwa bei sokoni mbele ya watu, haikukadiriwa kichwani. Fungu la chakula likatengwa na fungu la mtaji, ili watoto wasilale njaa kwa jina la biashara. Kikatolewa chombo cha kazi, na mwalimu akatia mkono wake mwenyewe. Kisha ukawekwa muda na siku ya kurudi kutoa hesabu. Mwalimu wa Somo la Biashara anayetaka kujua aanzie wapi, iwe ana mashine au hana, na aanzie hapo.

Kuna na jambo jingine. Mashine huulizwa faida itapatikanaje, nayo hujibu. Isipoulizwa habari ya halali na haramu, aghalabu haitaitaja. Mpango wa yule binti uliweka riba kama kitu cha kawaida, sawa na gharama ya sukari. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) hakutaka mtu auze katika soko la Waislamu ila aliyeifahamu dini yake. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta maji chini, akamkanya mwenye bidhaa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akatamka kwamba mwenye kughushi si katika wenzake. Na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwatahadharisha wanaopunja vipimo. Mtoto asiyeyajua haya akipewa mashine inayomfundisha kuuza zaidi, atauza zaidi, na hasara yake itakuwa ya Akhera.

Na tusidhani biashara ya mashine hizo yenyewe imetakasika na maswali haya. Mwanzoni mwa mwaka 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba vijana wa hapa Nairobi waliajiriwa kusoma na kupanga maandishi machafu na ya kutisha, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka, kwa malipo ya chini ya dola mbili kwa saa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Watoto wetu wanapofundishwa biashara kwa chombo hicho, nalo ni swali zuri la darasani: katika faida hii, nani amelipwa haki yake na nani hakulipwa?

Baada ya hayo, nawausia mambo machache.

Kwanza, kwa akina mama. Msione haya mbele ya karatasi za watoto wenu. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa tajiri wa Makka aliyewapa watu mali yake wamfanyie biashara kwa kugawana faida, naye aliwachagua kwa uaminifu wao. Mtoto akileta mpango, mwambie akusomee kwa Kiswahili. Asipoweza kuueleza kwa lugha ya nyumbani, basi hajauelewa, na mpango usioeleweka na mwenyewe haustahili kupewa fedha za mchezo.

Pili, wekeni daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, kwa muda wake na mashahidi wake. Mama akitaja na mtoto akaandika, wote wawili wamekuwa wanafunzi. Daftari hilo likiwapo, mashine ina kitu cha kweli cha kufanyia kazi. Lisipokuwapo, itatunga.

Tatu, kwa walimu. Mwanafunzi asiulize mashine kabla hajauliza watu kumi. Aende stendi, aende soko la Toi, aende Kawangware, ahesabu wapitao, aulize bei, aandike. Kisha ndipo aiulize akili bandia, na maksi zitolewe kwa makosa aliyoyagundua katika majibu yake, si kwa uzuri wa Kiingereza chake. Na majina ya wateja, nambari za simu na siri za madeni ya watu zisiingizwe katika mashine. Hizo ni amana.

Nne, kwa walimu wenzangu wa madrasa. Watoto wetu wanahifadhi hukumu za bei na riba kwa mitihani, kisha wanakutana na mkopo wa simu wakidhani ni jambo lisilohusiana na kitabu. Tufundishe milango ya biashara kwa mifano ya leo. Tuwaeleze ushirika wa mudharaba na musharaka, tuwaeleze mkopo mwema usio na ziada, na tuwaambie kwamba mchezo wa mama zao, ukiendeshwa kwa uaminifu, ni mtaji ulio safi.

Nimalizie kwa Olympic. Zamu ya mchezo ilipofika, mpwa wangu hakununua jokofu. Alinunua karai ya pili ya viazi, akapunguza mahamri, na kilichosalia akakiweka. Binti alirudisha mpango wake shuleni ukiwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono mbele ya zile saba, nao ni maswali matano ya mama yake.

Juma lililopita alinipigia simu. Katika madeni ya shilingi 4,300 walikuwa wamekusanya 1,900. Mdaiwa mmoja alikuwa mjane jirani yao, mgonjwa, na mama yake ameamua kumsamehe. Mashine imeliweka deni lile katika safu ya hasara. "Babu," akaniuliza, "ndivyo, au tuliandike wapi?"

Nikamkumbusha aya ya 280 ya sura ile ile ya Baqara, inayotuelekeza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kwamba kumwachia kabisa kwa sadaka ni kheri zaidi kwetu. Nikamwambia afungue safu nyingine katika daftari la mama yake, aiite sadaka, na aliandike humo.

Ewe Mola wetu, wabariki mama zetu katika vibanda vyao, wape watoto wetu elimu yenye manufaa, na utukinge na riba, udanganyifu na deni linaloelemea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.